Sufuria Ndogo ya Hoyt

Hoyt Hogner aliukata mti wa mama yake mwezi wa pili, matawi yakiwa matupu, na hakujisumbua hata kuinua shingo. Angeinua shingo angeona. Lakini Hoyt ni katika wale watu wanaoamini kwamba kitu ukishakijua utotoni huna haja ya kukitazama tena, na mtu wa namna hiyo hafai kupewa msumeno wa mashine.

Mihikori, miti mikubwa ya kokwa, ilikuwa miwili, imesimama bega kwa bega kwenye ua uliotenga kiwanja chake na cha dada yake Oleta, huko vilimani Adair, Oklahoma, kwa Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani. Mmoja mtamu, mmoja mchungu. Yote miwili mirefu, gome la kijivu lililobana, majani ya sura moja. Mpita njia angekuapia kuwa ni mti uleule umepandwa mara mbili. Mtamu ndio uliompa mama yao kokwa za kanuchi, ule mchuzi mzito kama tui ambao bila huo sherehe ya kanisa lao haijawa sherehe. Mchungu haukumpa mtu kitu. Hata kindi walizipita kokwa zake wakaenda zao.

Mama alimfundisha Oleta kuitofautisha tangu angali mdogo. Gome litakudanganya, alimwambia, tazama ncha ya tawi. Pale kwenye ncha kuna kitumba, kile kidude kinachokaa kimefumba baridi nzima kikisubiri kufungua majani. Cha mtamu ni kinene, cha kahawia, kina manyoya. Cha mchungu ni chembamba, na rangi yake ni njano kabisa, njano ya manjano ya mchuzi, ambayo ukishaiona hubishani nayo. Kokwa nazo: ya mtamu ina ganda gumu linalogombana na nyundo, ya mchungu unaivunja kwa jino. Hoyt naye alifundishwa siku hiyohiyo, ila yeye alikuwa anarushia kuku mawe.

Ukataji wenyewe ulikubaliwa. Mchungu ulikuwa ukiangusha matawi juu ya banda la pikapu ya Hoyt, na Oleta mwenyewe alisema, "Kata, haunihusu." Siku ya kukata hakuwepo, alikuwa Tulsa kwa daktari wa macho. Aliporudi alasiri alikuta magogo yamekwisha kuchukuliwa na watu wanaobanika nyama kwa moshi, kisiki kimemwagiwa kokoto, na pengo liko upande wa kushoto. Wa kushoto ndio uliokuwa wa mama.

"Hoyt! Umekata mti gani?"

"Mchungu, dada. Si tulikubaliana?"

"Huu uliobaki una vitumba vya njano."

"Vitu gani?"

"Tazama juu, mpumbavu wewe! Njano!"

Hoyt hakutazama juu. Alicheka. "Dada yangu, si umetoka kutiwa dawa machoni leo? Hata mimi utaniona wa njano."

"Na ndoano ya mama iko wapi?"

Hapo alikwepesha macho, kisha akasema, "Ndoano gani?"

Ilikuwa ndoano ya chuma. Mama aliipigilia kwenye mtamu alipokuwa bibi harusi, akaning'iniza susu la mtoto ili aweze kuponda kokwa kivulini huku anaimba. Oleta alilala katika susu lile, na Hoyt akalala baada yake. Miaka ilivyokwenda gome lilinenepa likaimeza ndoano, na mtu asiyetimiza miaka sitini hakuwahi kuiona.

"Hakukuwa na ndoano yoyote," alisema Hoyt. "Umeota, dada. Nenda kapumzike."

Laiti ingeishia hapo uani. Lakini Hoyt ndiye huongoza nyimbo kanisani, ana sauti nzuri, na watu wana udhaifu huo: wakiipenda sauti ya mtu huamini na maneno yake. Hakumtukana dada yake hata kidogo. Alimhurumia, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Masikini dada," aliwaambia watu wakinywa kahawa baada ya ibada. "Anaona vitumba vya njano. Anazungumza habari za ndoano ndani ya mti. Mama naye alianza hivihivi." Na kweli mama yao mwishoni alisahau mpaka majina ya wanawe, kila mtu alikumbuka, kwa hiyo kila mtu akatikisa kichwa. Oleta akipita sokoni watu wakaanza kuzungumza naye polepole, kwa sauti ya juu, kama anayesemeshwa ni mtoto aliyepotea.

Kisha Hoyt akampigia simu Terrill, mwana pekee wa Oleta, anayekaa Tulsa. Kuanzia hapo Terrill akawa anakuja Jumapili, anafungua friji kuchungulia kama kuna kilichooza, anajaribu majiko kama yamezimwa.

"Mama, leo siku gani?"

"Siku ya wewe kunipisha jikoni kwangu."

"Mama, sitanii."

"Na mimi nikikucharaza na huu mwiko sitakuwa natania."

Lakini alimwona mwanawe anavyomtazama, na usingizi ukawa haumjii vizuri. Mambo ya miti yalikuwa yamegeuka kuwa mambo ya kichwa chake na nyumba yake. Aliwaonyesha watu vitumba. Wakasema ndiyo, shangazi, wakatazama saa zao. Vuli ya mwaka ule mti uliobaki haukuzaa, maana mihikori nayo huchoka ikapumzika, na Hoyt akazidi kupanua kifua. "Subirini uzae," alisema, "mtakula kanuchi ya mama mpaka mchoke." Aliyasema hayo mbele ya watu wengi, tena zaidi ya mara moja.

Oleta alimchukia ndugu yake. Tuseme hivyo hivyo tu, tusilipambe. Alimchukia akipiga mswaki, alimchukia akilisha kuku, na Jumapili Hoyt alipoinua mkono kuanzisha wimbo yeye alifungua kitabu akaimba sauti yake ya pili bila kukosea, huku anamchukia.

Vuli iliyofuata, mti uliobaki ukazaa. Ukazaa hasa, kokwa zikatapakaa mpaka kwenye kokoto za Hoyt, maganda membamba yamepasuka nusu. Oleta alishuka na ndoo akaziokota peupe, asubuhi, Hoyt akimtazama kutoka barazani kwake.

Angeweza kumpa mtu yeyote kokwa moja aitafune, mambo yakaisha palepale. Hakutaka. Kokwa moja ingempa Hoyt nafasi ya kujikuna kichwa na kusema, basi nilikosea, nani hakosei, na watu wangecheka naye. Oleta alitaka uongo urudi ulikotokea, kupitia mdomo uleule, watu wote wakiwa wameketi wanatazama. Na muda ulikuwa mfupi, maana Terrill alikwisha kusema.

"Baada ya Krismasi, Mama, tutazungumza habari ya ile nyumba ya wazee. Nimeshakwenda kuiona. Ina bustani nzuri."

"Ina miti gani?"

"Sijui, Mama. Miti."

"Basi hujaiona," alisema Oleta, akakata simu.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi ni sikukuu ya kanisa lao, watu waliotawanyika wanarudi kutoka Tulsa na Dallas na huko kwingine, na kanuchi ya siku hiyo hupikwa na nyumba ya Hogner; mama alipika, na baada yake Oleta. Ndani ya friza yake mlikuwa na madonge ya kokwa tamu zilizopondwa, mazao ya mwisho ya mti wa mama, yamefungwa vizuri moja moja. Aliwahi kusema anayatunza kwa ajili ya matanga yake mwenyewe, ili watu wamlilie wakiwa wameshiba. Sasa akayatoa yote. Hakubakiza hata moja. Alitaka sufuria kubwa iwe tamu kuliko zote alizowahi kupika, asije mtu akasema kizee kimesahau upishi.

Kokwa chungu alizipondea kwenye ndoo ya bati, kwa mpini wa nyundo. Kinu cha mama, lile gogo lililochimbwa, na mchi wake mrefu, havikuguswa; asingeweza kuvitia uchafu ule. Maganda yalivunjika bila ubishi. Akaponda, akapepeta, akafinyanga madonge, akayayeyusha kwa maji ya moto na kuyachuja kwa kitambaa, yote kama inavyotakiwa, na mchuzi ukatoka na rangi nzuri ileile. Kwa macho usingejua. Akaonja kwa ncha ya kijiko. Ulimi ulikauka, mashavu yakavutana kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi na ganda lake, na akalazimika kushika ukingo wa meza. Oleta akacheka peke yake jikoni, kicheko ambacho Terrill angekisikia angempeleka Tulsa siku hiyohiyo.

Siku ilipofika ukumbi wa chakula ulijaa. Nyama ya nguruwe iliyokaangwa, mikate ya maharagwe iliyofungwa kwa majani ya mahindi, matonge ya unga yaliyopikwa kwa zabibu mwitu. Wazee hupakuliwa kwanza, na Hoyt, aliyetoka kuongoza nyimbo na sauti bado imemjaa kifuani, aliketi meza ya mbele katikati yao. Mkewe Nadine alikaa ubavuni akimhesabia viazi, maana Hoyt ana kisukari na bila kusimamiwa hula kama hana.

Oleta alikuja na sufuria mbili. Kubwa akaiweka mwisho wa meza. Ndogo akaishika mwenyewe kwa kitambaa, akaja nayo mpaka mbele ya ndugu yake.

"Hii ni yako peke yako," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni. "Haina sukari, kwa ajili ya maradhi yako. Nimeipika kwa kokwa za mti ule uliouacha. Mti wa mama, si ndivyo ulivyosema?"

Mazungumzo yakafifia meza baada ya meza. Terrill alikuwa amesimama karibu na mlango na sahani mkononi, akaacha kutafuna.

"Asante, dada," alisema Hoyt. Alikitazama kile kilichomiminwa bakulini mwake. Bakuli la dada mkubwa halirudishwi kwao, tena siku kama ile, na kila aliyekuwapo alilijua hilo. Hoyt akainua bakuli akanywa.

Masikio yalimsogea. Jasho jembamba likatokeza juu ya mdomo. Oleta aliinama kidogo, akingoja ateme, akingoja hata akohoe, alikuwa amekingoja kikohozi hicho muda mrefu. Hoyt akameza. Akaweka bakuli mezani, akatabasamu na macho yamejaa maji.

"Tamu," alisema. "Tamu kama ya mama. Mnaona, jamani? Mpaka machozi yamenitoka."

Mzee mmoja akapiga meza kwa furaha. Mtu akasema, Bwana asifiwe, basi mti uko salama. Na kule mlangoni Terrill alishusha pumzi ndefu akamtazama mama yake kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwisha kukata shauri. Oleta alikuwa amefikiria kila kitu, ila hakufikiria kwamba mtu anaweza kumeza.

"Kama tamu," alisema, "kunywa nyingine."

"Niongeze."

Akamwongeza, akajaza mpaka ukingoni. Hoyt akanywa bakuli la pili bila kupumua, wakitazamana, na hakuna kati yao aliyepepesa macho. Akanyoosha bakuli likajazwa mara ya tatu; alikuwa tayari kuimaliza sufuria nzima. Oleta aliliona hilo, na kwa mara ya kwanza tangu mti ukatwe alitaka kulia.

"Ngoja, ngoja, ngoja." Huyo alikuwa Nadine, na alikuwa amekunja uso. "Wifi, una hakika hukutia sukari humu?"

"Hata chembe."

"Mimi namjua huyu mtu. Kitu kisicho na sukari hakinywi hivi. Nimemwekea chai isiyo na sukari miaka yote hii, anaimwaga kwenye maua anadhani sioni. Lete hapa." Akampokonya mumewe bakuli kabla hajalishika vizuri.

"Nadine, acha," alisema Hoyt. "Acha, mke wangu."

Nadine akanywa funda zima, kama mtu anayetafuta sukari. Uso wake ukafumbana wote. Akatema kwenye kitambaa cha karatasi, akachukua kingine akajifuta ulimi, mbele ya wazee, bila haya.

"Mungu wangu! Hoyt, hii ni nini?"

"Tamu," alisema Hoyt, lakini sauti ile nzuri haikuwapo.

"Tamu ya wapi? Wifi, umemtilia nini?"

Oleta alitoa kokwa moja kwenye mfuko wa aproni, mbichi na nzima, akaitia kati ya meno, akaivunja kwa mlio uliosikika meza za nyuma. Akaweka kiini mkononi mwa Nadine na maganda mbele ya wazee. "Hakuna nilichotia," alisema. "Iliokotwa chini ya mti ule ule."

Mzee aliyepiga meza aliokota ganda akalivunja tena kwa kidole gumba. "Hii si ya mama yenu," alisema. "Ya mama yenu ilinivunjia nyundo."

"Labda mti umezeeka," alisema Hoyt. "Mti ukizeeka—"

"Nyamaza," alisema Nadine. Alikuwa akimtazama mumewe kwa namna mpya, kichwa kimeinama upande. "Siku ile ulirudi na mnyororo wa msumeno umekatika. Ukaniambia umegonga jiwe. Nikasema sawa, jiwe. Jiwe gani linakaa ndani ya mti, Hoyt?"

Hakuna aliyegusa kijiko. Hoyt alitazama mikono yake, akatazama bakuli, akatafuta uso mmoja ukumbini ambao ungemcheka ili acheke nao. Hakuupata.

"Ndoano," alisema.

"Sema usikike," alisema Oleta. "Kuimba unasikika."

"Ilikuwa ndoano ya mama. Mnyororo ulipokatika nikajua. Lakini nilikuwa nimeshapita nusu, dada, mti ulikuwa unalia, usingesimama tena. Niliona aibu. Nikadhani utapita mwaka, watu watasahau."

"Ukaona heri mimi niwe mwendawazimu."

"Sikutaka ifike huko."

"Uliipeleka wewe mwenyewe, kwa simu, mpaka Tulsa. Mwanangu yule pale mlangoni. Mwambie."

Hoyt aliinuka. Ilimchukua muda. "Terrill," alisema, "niliukata mti wa bibi yako. Mama yako aliniambia siku ileile na alisema kweli, na ndoano ilikuwepo. Kichwa chake hakina ugonjwa. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Terrill alikuja mpaka kwa mama yake akasimama, mtu mzima mwenye mvi, hajui pa kuweka sahani. "Mama," alisema. Oleta akamwambia akae ale, chakula kinapoa.

Kisha watu wakajipanga kwenye sufuria kubwa bila kusukumana, maana sasa kila mmoja alielewa ni kitu gani kile na kwamba hakitapikwa tena. Walikunywa polepole. Mzee wa nyundo alifumba macho. Nadine alikuja na bakuli lake, akasema, "Wifi, sikujua," na Oleta akampakulia mpaka juu, kwa sababu kweli hakujua. Watoto wa mijini waliotaka kuongezwa waliambiwa hapana na mama zao.

Sufuria ilipofika chini, mbele yake alikuwa amesimama Hoyt na bakuli tupu. Mdomo bado ulikuwa umembana, alikuwa akimeza mate na hayashuki.

"Dada," alisema. "Nionjeshe ya mama. Kidogo tu. Alikuwa mama yangu pia."

Oleta alimtazama. Alimbeba mtoto huyu kiunoni kabla hajajua kutembea, alimfuta kamasi kwa gauni lake, alimsukuma katika lile susu mpaka mkono ukafa ganzi. Akainamisha sufuria, akakwangua na mwiko, pakapatikana bakuli moja kamili, la mwisho. Hoyt akanyoosha mikono yote miwili kulipokea.

Oleta akalipeleka mdomoni mwake mwenyewe. Alikunywa amesimama palepale, bila haraka, anamtazama ndugu yake juu ya ukingo wa bakuli, mpaka pasibaki hata tone la kulamba. Akajifuta kwa ncha ya aproni.

"Tamu," alisema.

Akaisukuma ile sufuria ndogo mpaka mbele ya Hoyt.

"Yako haijaisha. Keti umalize."

Na Hoyt akaketi.